Rangi Zimekaa, Lakini Hawa Ni Nani?

"Baba, hebu simamisha hapo."

Nikasimamisha. Mama akanyanyuka mkekani, akaisogelea runinga mpaka pua ikataka kugusa kioo, akafanya jambo ambalo nimemwona akilifanya tangu nikiwa mtoto, ila si mbele ya runinga hata siku moja. Akafinya jicho. Akapitisha kidole polepole pale rangi moja inapokutana na nyingine.

Mama ameuza khanga Ujiji kwa zaidi ya miaka 30, na hivyo ndivyo anavyokagua doti mpya kabla hajailipia. Anatazama kama nyekundu imepanda juu ya nyeusi, kama njano imetoka nje ya mstari wake, kama pindo limekaa panapotakiwa. Khanga ambayo rangi zake zimepishana hainunui, hata jina lake liwe tamu namna gani.

"Zimekaa," akasema. "Hizi zimekaa barabara."

Kisha kidole kikahama. Kikatua kwenye uso wa mtu, kikaenda wa pili, kikaenda wa tatu.

"Na hawa ni akina nani?"

Picha niliyoisimamisha ilikuwa ya kanisani, dakika za mwanzo kabisa za The African Queen ya mwaka 1951. Waumini Waafrika wamejaa kwenye mabenchi, mmisionari na dada yake wako mbele, joto limewakamata wote. Nikarudisha nyuma hadi kwenye majina ya waigizaji, tukayasoma pamoja. Humphrey Bogart. Katharine Hepburn. Robert Morley. Peter Bull. Theodore Bikel na wenzake wachache.

Mwafrika, hata mmoja.

Mama hakusema neno. Akarudi mkekani, akajifunika miguu, tukaendelea kutazama. Wiki sita zimepita tangu jioni ile, na swali lake halijaniachia nafasi.

Mkanda wa babu

Mara yangu ya kwanza kuiona picha hii nilikuwa na miaka tisa, katika banda la video pale Mwanga, Kigoma. Babu ndiye aliyenipeleka. Alikuwa amesikia kuna picha ya Wazungu inayohusu "meli yetu", akatulipia wote wawili, tukakaa benchi la mbele.

Babu alikuwa mtu wa Liemba. Alichochea moto wa boila miaka ile meli ikiwa bado ya mvuke, na mikono yake ilibaki na alama mpaka anazikwa.

Rangi za siku ile ninazikumbuka kwa sababu hazikuwepo. Mkanda ulikuwa umenakiliwa kutoka mkanda mwingine, nao kutoka mwingine, na deki yenyewe ilikuwa imechoka. Miti kahawia, maji kahawia, uso wa Bogart kahawia. Kila kitu kilikuwa na rangi ya chai ya mkandaa iliyolala. Na wale watu wa kanisani walikuwa giza tu. Sikuona macho. Sikuona mdomo. Niliona kivuli kikubwa kinachotoa sauti.

Mwisho wa picha, meli ya Wajerumani, Louisa, inapasuka na kuzama ziwani. Hapo babu alisimama.

"Uongo! Haikuzama hivyo!"

Banda zima likacheka. Yeye hakucheka. Akageuka, akawapa mgongo Bogart na Hepburn, akaanza kuwaeleza vijana wale mambo ambayo kila mtoto wa Kigoma ameyasikia kwa mzee fulani: jinsi meli ilivyotengenezwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa masanduku hadi Dar es Salaam na kupakiwa treni; jinsi ilivyoshushwa ziwani mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen; jinsi Wajerumani wenyewe walivyoizamisha Julai 1916 walipoona mji unawaponyoka. Ikalala chini ya maji mpaka Waingereza walipoiopoa mwaka 1924. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

"Walipaka grisi," babu alisema. "Kabla ya kuizamisha walipaka grisi injini. Walijua ipo siku mtu ataitoa."

Mwenye banda akaongeza sauti ya runinga. Babu naye akaongeza yake.

Kwa hiyo kwa miaka mingi picha hii kwangu ilikuwa ugomvi wa babu. Haikuwahi kunipitia akilini kwamba ilikuwa na rangi.

Rangi ambayo haikuwemo

Diski aliniletea binamu yangu kutoka Kanada. Ni ile iliyotolewa na Paramount Machi 2010, baada ya negativu za awali, yaani mikanda yenyewe iliyotoka kwenye kamera, kusomwa upya kwa kompyuta kwa ubora wa 4K. Sina mashine ya Blu-ray; nilimwazima mpwa wangu PlayStation yake usiku mmoja hapa Dar es Salaam, nikazima taa, nikakaa peke yangu.

Majina yanaanza kupita juu ya vilele vya miti. Kamera inatazama juu, inatembea, jua linapenya kwenye majani.

Nikasimamisha.

Sijui nieleze vipi kijani kile. Nimekulia mahali penye miti, najua kijani si kimoja, lakini sikuwahi kuona runinga ikilijua hilo. Kulikuwa na kijani cha jani changa ambalo jua linapita ndani yake, kijani kizito cha jani lililokomaa, na kile kinachokaribia nyeusi huko ndani msituni. Nilikaa na picha ile moja karibu dakika tano. Nikamkumbuka babu, kwamba alikwenda kaburini akidhani picha ile ni ya kahawia.

Tangu usiku huo nikaanza kusoma jinsi ilivyopigwa, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyomwona mama na khanga zake.

Kamera ya Technicolor ya enzi zile haikuwa na mkanda wa rangi hata kidogo. Ndani yake mlikuwa na mikanda mitatu, yote ya nyeusi na nyeupe. Mwanga ukiingia kwenye lenzi, kipande cha kioo kiliugawa: sehemu ikaenda kwenye mkanda ulioandika kijani, sehemu nyingine kwenye mikanda miwili iliyolaliana, mmoja ukaandika buluu na mwingine nyekundu. Kila kitu kilichokuwa mbele ya kamera kiliandikwa mara tatu, na hakuna mkanda hata mmoja uliokuwa na rangi. Rangi ilikuja baadaye, kiwandani. Kutokana na kila negativu ulitengenezwa mkanda wenye migongo na mabonde madogo, ukanyweshwa rangi yake, samawati, waridi kali au njano, kisha ukagandamizwa juu ya mkanda mtupu. Mmoja baada ya mwingine, tatu juu ya moja.

Ni khanga. Kila rangi na kibao chake, na kazi yote iko kwenye kulenga.

Kuna jambo hapa lililonifurahisha kupita kiasi. Picha nyingi zilizopigwa miaka ya 1960 na 1970, ambapo rangi ilikuwa ndani ya negativu yenyewe, zimechuja. Ukizitoa stoo leo zimegeuka waridi kama nguo iliyosahaulika juani. Hizi za mikanda mitatu, ambazo ni za zamani zaidi, negativu zake hazina rangi ya kuchuja. Ni fedha tupu kwenye mkanda. Kilichohifadhiwa ni kumbukumbu ya rangi, na rangi yenyewe unaweza kuitia upya leo, mbichi.

Ila mikanda husinyaa. Mmoja unasinyaa hivi, mwingine vile, na baada ya miaka 50 haikubali tena kulaliana. Ukiilazimisha, kila uso unapata ukingo mwekundu upande mmoja na wa kijani upande wa pili. Hapo ndipo kompyuta ilipokuja kuwa mkombozi: unasoma kila mkanda peke yake, halafu unailenganisha, picha kwa picha. Nilipiga hesabu. Dakika 105, picha 24 kila sekunde, ni picha 151,200. Mara tatu.

Nilimpigia mama simu usiku ule ule, saa nne kasoro, nikamweleza habari ya vibao vitatu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi aliyekagua alikuwa na jicho," akasema. "Niletee nione."

Ndoo ya Hepburn

Kuhusu utengenezaji wa picha hii tunajua karibu kila kitu, na hilo ndilo lililonipa tabu.

Tunajua mwongozaji John Huston aliipeleka kamera ile nzito, yenye njaa ya mwanga, chini ya miti ya mto Ruiki huko Kongo ya Wabelgiji, na kwamba mpiga picha Jack Cardiff alifanya kazi juu ya majahazi ya kuungaunga, moja la kamera, jingine la taa na jenereta, yakivutana kwenye mkondo mwembamba. Tunajua baadaye walihamia Uganda, kando ya Ziwa Albert, na huko ndiko lilikopigwa tukio la kanisani. Tunajua kundi zima liliugua, isipokuwa Bogart na Huston, ambao walisema wamepona kwa sababu walikunywa wiski badala ya maji. Hepburn aliandika kitabu kizima juu ya safari hiyo, kikachapishwa mwaka 1987.

Na tunajua kwamba katika tukio la kanisani, anapopiga kinanda cha miguu, alikuwa anaumwa tumbo vibaya mno, hivyo ndoo iliwekwa karibu naye, nje ya macho ya kamera, apate kutapika kati ya pigo moja na jingine. Mwanamke yule alifanya kazi kwa ujasiri unaostahili kila sifa aliyopewa. Sasa picha ikiwa safi, unaiona ngozi yake ilivyopauka chini ya madoadoa, na nywele zake za rangi ya shaba ndizo zenye afya kuliko uso.

Lakini fikiria. Miaka zaidi ya 70 baadaye, mimi niliye Dar es Salaam najua ndoo ya Hepburn ilivyotumika. Wale waliokaa mbele yake siku nzima kwenye mabenchi, wakimtazama akiugua na kuinuka tena, sijui jina la hata mmoja wao.

Wanaimbishwa

Nikiri jambo. Ile mara ya kwanza, peke yangu, tukio la kanisani lilinipita. Nilikuwa nimelewa kijani. Niliangalia mwanga unavyoingia kanisani kutoka pembeni, nikasema moyoni "lo, kazi hiyo", nikaendelea.

Mama ndiye aliyesikia.

Waliosahau niwakumbushe: mmisionari na dada yake wanaongoza wimbo wa ibada wa Kiingereza, na waumini wanatoa mngurumo tu, bila maneno, bila tuni, kila mtu na lake. Ndipo firimbi ya mashua inapolia nje, Bogart anawasili, anatupa kipande cha sigara, na watu wanakigombania huku ibada ikiendelea. Imekusudiwa mtazamaji acheke.

"Mbona hivi?" mama aliniuliza. Yeye ni Mwislamu, lakini nyumba yetu imepakana na kanisa, na mazoezi ya kwaya ya Alhamisi ameyasikia nusu ya maisha yake. "Hawa hawaimbi. Wanaimbishwa."

Neno hilo lilinikaa kooni.

Wamisionari wa Kianglikana walifika Uganda mwaka 1877, Wakatoliki mwaka 1879. Mwaka 1951 kulikuwa na familia za Uganda zilizoimba nyimbo za kanisa kwa vizazi vitatu. Mtu akikaa kwenye benchi lile na kutoa mngurumo, ni kwa sababu ameambiwa atoe mngurumo. Walikuwa wanaigiza. Ile ilikuwa kazi, waliifanya kwa umakini, na aliyekuwa anaigiza zaidi ya wote pale hakuwa Hepburn.

Niliporudi Dar es Salaam nilikuwa na hasira. Niliandika kwenye daftari langu: kwa nini dharau isafishwe picha kwa picha, mara 151,200? Kuna mikanda mingapi ya sherehe zetu, hotuba zetu, ngoma zetu, inayoozea makabatini bila mtu wa kuipangusa vumbi? Niliiweka diski juu ya friji. Ilikaa pale siku kumi na moja.

Swali la mikanda yetu bado ninalo, wala sina haja ya kulipunguza makali. Lakini kuhusu diski ile nilikosea kidogo, na nilikojua nimekosea ni Kariakoo.

Moto

Nilikuwa Kariakoo nikitafuta waya wa runinga. Sote tunajua jina lile lilitoka wapi: hapo ndipo walipowekwa wapagazi wa Carrier Corps wa Waingereza wakati wa vita ya kwanza, wale waliobeba risasi na unga vichwani kutoka pwani hadi bara, wakafa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa njaa na magonjwa kuliko kwa risasi. Jina ninalijua tangu shule ya msingi. Siku ile nilisimama katikati ya watu na mikokoteni, nikakumbuka tukio la pili la picha ile.

Baada ya ibada, wanajeshi wa Kijerumani na askari wao wanakiingia kijiji, wanakichoma moto, wanawaswaga watu. Katika hadithi moto ule una kazi moja: umvunje moyo mmisionari, afe, dada yake apande mashua na Bogart. Kwenye mkanda wa babu ulikuwa moshi wa kahawia. Kwenye diski ni chungwa, ni nyekundu, na mbele yake watu wanakimbia.

Hadithi inaanza mwaka 1914. Picha ilipigwa mwaka 1951. Vita ile ilikuwa na miaka 33 tu tangu iishe. Uganda nayo ilitoa wapagazi. Mtu mwenye miaka 55 aliyekaa kwenye benchi la kanisa lile la kuigiza, mwaka 1916 alikuwa kijana wa 20, umri hasa wa kukamatwa na kutwishwa mzigo.

Huenda alikuwamo mmoja. Huenda walikuwamo kumi.

Wakaambiwa: leo tutachoma kijiji, mtakimbia. Wakakimbia. Sijui kama yupo aliyekimbia kwa mara ya pili.

Nilirudi nyumbani, nikaitoa diski juu ya friji, nikazima sauti, nikatazama dakika kumi za mwanzo. Bila ule mngurumo kanisa lile ni jingine kabisa. Ni watu wazima kwenye joto, wanasubiri. Wana subira ya watu waliolipwa kibarua cha siku na wanaotaka kukifanya vizuri. Hadithi haikuwataka kwa lolote zaidi ya kelele na mbio, lakini mkanda haukuwa na uwezo wa kuchagua. Fedha iliyokuwa juu yake iliupokea uso wa aliye pembeni kama ilivyoupokea uso wa Bogart. Na walioukarabati, miaka karibu 60 baadaye, walilenganisha mikanda mitatu kwenye pembe za picha kama walivyoilenganisha katikati. Hapakuwa na njia nyingine. Ukilenga rangi vizuri, unamlenga kila mtu.

Kwenye banda la video wale walikuwa giza. Sasa wana macho.

Babu asingeweza kuuliza swali la mama. Hakuona mtu wa kumuuliza.

Maji ya London

Sitaki mtu adhani tuliitazama kwa huzuni mwanzo mwisho. Haikuwa hivyo.

Mama alimpenda Rose, yule dada wa mmisionari anayeigizwa na Hepburn. Mashua iliposhuka maporomoko na Rose akatoka amelowa chapachapa huku uso umewaka furaha, mama alipiga goti kwa kiganja. "Huyu mama ana moyo!" Rose alipomwaga mtoni jini yote ya Charlie, mwenye mashua anayeigizwa na Bogart, chupa moja baada ya nyingine, na chupa tupu zikafuatana juu ya maji, alimwonea huruma Charlie kwa sauti. Bogart alipomwigiza kiboko alicheka mpaka akakohoa. Bogart alipata Oscar yake pekee kwa picha hii, na kwa tukio la kiboko tu mimi ningempa.

Lakini kuna mahali mama alinyamaza, akaikunja sura. Ni pale Bogart anaposhuka majini kuivuta mashua kwa kamba katikati ya matete, kisha anapanda na ruba mwilini.

"Maji haya siyo yale."

Nilimwuliza kwa nini. Akashindwa kueleza, akasema tu kwamba hayalali vile. Yeye amezaliwa kando ya Tanganyika.

Alikuwa sahihi. Waigizaji walipotakiwa kuwa ndani ya maji, picha ilipigwa studio ya Isleworth, London, kwa hofu ya magonjwa ya mtoni. Nakala nzuri hukuonyesha mshono huo, na wapo wanaolalamika kwamba ukarabati umeyaanika mambo yaliyokuwa yamefichika. Kwenye maporomoko pia unaona pale waigizaji wa studio walipobandikwa mbele ya mto wa kweli. Mimi ningechukia kama wangeulainisha. Zile chembechembe nyororo za mkanda zimeachwa, mishono imeachwa. Khanga inayoonyesha kibao kilipoishia na kingine kilipoanza ni khanga ninayoweza kuiamini.

Mto wenyewe, kwenye hadithi, unaitwa Ulanga, na unamwagikia ziwani. Ulanga wetu hauendi ziwa lolote. Unashuka, unakutana na Luwegu, unakuwa Rufiji, unaingia Bahari ya Hindi. Nilijua tangu mwanzo mama hataliacha lipite, naye hakuliacha.

Na lile tukio la matete ndilo ninalolipenda kuliko yote. Wamekwama, wamekata tamaa, Rose anaomba dua. Kamera inapanda juu taratibu mpaka tunaona kile wasichokiona wao: ziwa liko pale pale, hatua chache mbele. Kisha mvua. Mvua inanyesha mbali, kwenye vilima, inashuka kwenye vijito, inaingia mtoni, inainua mashua kidogo kidogo wakiwa wamelala. Nimeitazama sehemu hiyo mara tisa.

Picha ya mama

Mwisho Louisa inazama. Nilimtazama mama, nikajua anamsubiri babu asimame.

"Grisi," akasema.

"Grisi," nikajibu.

Wiki iliyopita aliniomba nimchapishie ile picha ya kanisani niliyoisimamisha. Nilikwenda kwa kijana mmoja wa studio ya picha, nikampa kwenye flashi. Akaitazama kwenye kompyuta yake, akasema rangi ni nzuri ila angeweza kumwangaza zaidi huyu mama Mzungu wa mbele na kuwakata hawa wa pembeni, picha ikae vizuri kwenye fremu.

Nikamwambia usikate. Tafuta fremu kubwa.

Niliituma kwa treni, imefungwa ndani ya khanga kuukuu isivunjike kioo. Ilifika Jumapili. Mama alipiga simu akiwa bado ameishika, namsikia anavyoigonga kwa kucha. Amekagua kona zote nne. Hakuna rangi iliyopishana. Ameiweka juu ya kabati, kando ya babu akiwa amesimama na sare yake mbele ya Liemba.

"Jirani ameshauliza ni akina nani," akasema.

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia ni watu wa kwenye picha ya meli. Majina yao bado tunayatafuta."